Mchungaji mwenye siri: je, "kumbe" ya mwisho bado inafaa?

Swali: Naandika skripti ya filamu ya dakika 90. Mchungaji anaendesha kampeni ya kumfukuza mwalimu wa kwaya kwa sababu ni mpenzi wa jinsia moja. Katika dakika kumi za mwisho tunagundua kwamba mchungaji mwenyewe ana mpenzi wa kiume. Mwandishi mwenzangu aliyeisoma anasema mbinu hiyo imechakaa, na tena inawaumiza walewale ninaotaka kuwatetea. Mtayarishaji naye anataka maonyesho ya huyo mpenzi yawe mafupi na yajitegemee, ili yakatwe kirahisi kwa masoko yatakayoyakataa. Nirekebishe vipi, au niache wazo zima?

Jibu: Usiache. Ila mwenzako amegusa penye jipu, na mtayarishaji wako, bila kukusudia, amekupa kipimo ambacho nitakirudia huko mbele.

Tuanze na hiyo "kumbe" yako. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo siri inafichuka karibu na ukurasa wa 80. Kabla ya hapo mtazamaji amemwona mchungaji akihubiri, wazee wa kanisa wakisaini barua, mhazini akisimamisha posho ya mwalimu, waumini wakimpita mlangoni bila salamu. Ghafla uzito wote huo unatwishwa mtu mmoja mwenye siri. Kumbe tatizo lilikuwa yeye! Kumbe aliyewatesa wapenzi wa jinsia moja ni mwenzao aliyejificha! Wazee wanatoka safi, mhazini anatoka safi, na mtazamaji aliyeanza kujiona miongoni mwa wale waumini anashusha pumzi, maana yeye hana siri ya namna hiyo. Filamu uliyokusudia iwashtaki wenye chuki imeishia kuwashtaki waliochukiwa.

Wanaoitetea mbinu hii husema kwamba saikolojia ndivyo inavyoonyesha. Wanachokumbuka, mara nyingi bila kujua kilikotoka, ni jaribio la Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, lililochapishwa 1996. Wanaume 64 waliojitambulisha kuwa wanavutiwa na wanawake tu walionyeshwa video za ngono huku mwitikio wa miili yao ukipimwa, na wale waliokuwa na chuki zaidi dhidi ya mashoga ndio waliosisimka zaidi kwa video ya wanaume wawili. Lakini hao ni watu 64. Kipimo chenyewe kinabishaniwa, kwa kuwa wasiwasi nao unaweza kuusisimua mwili, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Hata tukiyapokea matokeo yalivyo, hayaelezi kwa nini kanisa zima linapiga makofi. Chuki nyingi ya kidini haihitaji siri yoyote chumbani. Mafundisho, mazoea na watu wachache wanaonufaika vinaitosha.

Halafu fikiria kinachotokea siri ikishafichuka. Novemba 2006 Ted Haggard, rais wa National Association of Evangelicals, muungano wa makanisa ya kiinjili ya Marekani, na mchungaji wa kanisa kubwa la Colorado Springs, alijiuzulu baada ya mwanamume mmoja kudai hadharani kwamba Haggard alikuwa akimlipa ili afanye naye ngono. Akakiri kosa la uasherati. Siku hizohizo jimbo la Colorado lilikuwa likielekea kupigia kura marekebisho ya katiba ya kuifanya ndoa iwe ya mwanamume na mwanamke tu, jambo ambalo Haggard aliliunga mkono. Kashfa ikajaa magazetini, na marekebisho yakapita. Skripti yako inazima taa palepale ambapo mambo, katika maisha halisi, yaliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mbinu hii ilitoka wapi hata ikazoeleka hivi? Mwaka 1930 studio za Hollywood zilikubali kanuni za maadili zilizokuja kuitwa Kanuni za Hays. Walioziandika ni Martin Quigley, Mkatoliki aliyechapisha majarida ya biashara ya sinema, na Daniel Lord, padri wa shirika la Wajesuiti. Mwaka 1934 kanuni zikapata meno: kila filamu ilipaswa kupata cheti kutoka ofisi ya Joseph Breen, msimamizi wa kanuni hizo, na kampuni mwanachama wa chama cha studio hizo iliyoonyesha filamu bila cheti ilikabiliwa na faini ya dola 25,000. Sasa angalia. Hati ileile moja ilikataza "upotovu wa kijinsia" au hata dokezo lake, na ikakataza pia kumtumia mhudumu wa dini kama kichekesho au kama mwovu wa hadithi. Kwa miaka zaidi ya 30, wahusika wako wote wawili walikuwa wamefungiwa chumba kimoja.

Waandishi walipenyeza walichoweza. Mchungaji mwovu alipita akiwa mhubiri bandia aliyejitawaza mwenyewe. Shoga alipita bila kutajwa: mwanamume wa manukato na glavu, mwenye fimbo ya madaha na sauti laini, mara nyingi akiwa upande wa wahalifu na akiishia pabaya. Oktoba 1961 kanuni zililegezwa, suala hilo likaruhusiwa mradi liguswe kwa staha. Mwaka 1968 mfumo mzima uliachwa, yakaja madaraja ya umri wa watazamaji. Kwa maoni yangu, wafungwa wale wawili walitoka pamoja, na waandishi waliokuwa na hamu ya kulipiza kisasi kwa wachunguzi wao wakawafunga kwa kamba moja: mchungaji mwovu *ndiye* shoga aliyejificha. Mwanzoni ilikuwa ni kuthubutu. Leo hata mtazamaji anayekula bisi anaibashiri kufikia dakika ya 15.

Kabla hujagusa skripti, amua unamaanisha nini unaposema unafiki. Neno la Kigiriki *hupokrites*, linalotumika katika Injili, lilimtaja mwigizaji wa jukwaani. Neno letu, mnafiki, limetoka Kiarabu, na hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad inamtambulisha kwa alama tatu: akizungumza husema uongo, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya hiana. Hakuna alama hata moja inayouliza moyo wake unatamani nini. Zote zinatazama anavyowatendea wengine. Mtu anayeamini jambo ni dhambi, akalitenda, akajuta, huyo ni dhaifu kama walivyo wengi. Unafiki unaingia pale anapomtoza mwenzake adhabu ambayo yeye amejisamehe. Kwa hiyo mchungaji wako akimpenda mwanamume, hiyo ni habari tu. Asubuhi akasaini barua ya kumfukuza mwalimu wa kwaya, jioni akampigia simu mpenzi wake kumuuliza amekula nini: hapo umempata.

Sasa kazi yenyewe. Hamisha siri kutoka ukurasa wa 80 uipeleke kati ya 20 na 25. Mtazamaji ajue, waumini wasijue. Unapoteza mshangao wa dakika moja, unapata taharuki ya saa nzima, na kila mahubiri baada ya hapo yanasikika kwa masikio mawili. Kosa la kawaida hapa ni mwandishi kufichua mapema kisha kuisahau siri kwenye droo. Maonyesho matano yanapita bila siri kumgharimu mtu chochote. Kila kurasa kumi hivi, mlazimishe mchungaji achague, na kila chaguo liwe baya kidogo kuliko lililotangulia. Kwanza anyamaze tu kikaoni. Kisha akubali barua iandikwe. Kisha aiandike yeye, kwa sababu wazee hawajui kuiandika vizuri. Hiyo ya mwisho itawauma watazamaji kuliko kitanda chochote utakachowaonyesha.

Baada ya hapo tawanya unafiki. Usimwachie mchungaji peke yake. Sehemu hii ya skripti ndiyo tajiri kuliko zote, nawe umeipita mbio. Chukua 1 Wakorintho sura ya 6. Mstari wa 9 una maneno yanayotumiwa dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, na orodha haiishii hapo: mstari wa 10 unaendelea na wezi, wachoyo, walevi, watukanaji na wanyang'anyi. Mwache mchungaji asome wa 9, afunge kitabu. Kamera imtazame mhazini, ambaye sisi tumeshamwona akichezea hesabu za harambee. Kisha imtazame mwalimu wa kwaya, anayeijua sura nzima kwa moyo: midomo yake inaumalizia mstari wa 10 bila sauti. Onyesho la sekunde 40, hakuna anayehutubia.

Unaweza kuongeza moja la aina hiyo, si zaidi. Mwenyekiti wa kikao cha kumfukuza mwalimu anaweza kuwa mtu aliyemtaliki mkewe na kuoa mwingine, jambo ambalo Mathayo 19:9 inalisemea kwa ukali, wala hakuna anayelikumbuka siku hiyo. Au mtu ataje Sodoma, na bibi mmoja wa kwaya aseme kwa upole kwamba Ezekieli 16:49 inataja kiburi, shibe na kutomsaidia maskini. Ukiweka yote matatu, filamu inageuka semina ya Biblia, na mtazamaji anaanza kubishana nawe badala ya kumwonea uchungu mwalimu.

Haki nayo inataka nafasi. Wapo waumini wanaoshikilia fundisho la dini yao bila unafiki: wanajibana wao kwanza kabla ya kumbana jirani, na hawakubali mtu adhalilishwe. Kutokubaliana na mtu ni jambo moja. Kumnyang'anya kazi, nyumba au wazazi wake kwa sababu hiyo ni jingine, na filamu yako inahusu hilo la pili. Mpe nafasi mzee mmoja anayeamini kabisa kwamba ni dhambi, na bado anapiga kura ya kutomfukuza. Atawaudhi watazamaji wa pande zote mbili, nawe mwache awaudhi. Bila yeye, kanisa lako ni genge la watu wabaya, na waumini halisi watakaoitazama watasema, sawasawa, kwamba hao si wao.

Kwa mchungaji, kama unataka kielelezo kigumu zaidi ya mtu aliyefumaniwa, soma habari za Exodus International, shirika la Kikristo la Marekani lililoanzishwa 1976 na kuwahubiria watu kwamba mvuto wa jinsia moja unaweza kubadilishwa. Kiongozi wake wa mwisho, Alan Chambers, alikuwa ameoa mwanamke na hakuficha kwamba yeye mwenyewe huvutiwa na wanaume. Mwaka 2012 alikiri mbele ya watu kwamba karibu wote aliokutana nao hawakubadilika mvuto wao. Juni 2013 aliomba radhi na shirika likafungwa. Hakuna chumba cha hoteli wala picha za siri katika kisa hicho. Kuna mtu anayeng'oa, kwa mikono yake, nyumba aliyopewa aitunze. Jiulize kama mchungaji wako angeweza kufika hapo, na kama hawezi, ni saa ngapi hasa anaposhindwa.

Turudi kwa mtayarishaji. Mwaka 2013 shirika la GLAAD la Marekani, linalofuatilia jinsi vyombo vya habari na filamu zinavyowaonyesha watu wa jamii ya LGBT (wapenzi wa jinsia moja, wa jinsia zote mbili na waliobadili jinsia), lilitoa kipimo chenye masharti matatu kwa filamu: awepo mhusika anayetambulika wazi kuwa ni wa jamii hiyo, asiwe ameelezwa kwa mvuto wake peke yake, na awe amefumwa ndani ya hadithi kiasi kwamba ukimwondoa, hadithi inaathirika. Mtayarishaji anakuomba umwandike mpenzi wa mchungaji ashindwe sharti la tatu kwa makusudi. Ni desturi ya studio kubwa. Mwaka 2019 busu la wanawake wawili katika filamu ya *Star Wars* lilikatwa Singapore, na hadithi haikutikisika hata kidogo, kwa sababu lilikuwa sekunde chache katikati ya umati unaoshangilia. Mhusika wa namna hiyo husifiwa kwenye matangazo ya soko moja na kufutwa kwenye soko la pili. Ukiandika filamu juu ya unafiki kwa utaratibu huo, filamu yenyewe imekuwa mhusika wake wa kwanza.

Mwaka 2022 Disney ilikataa kukata busu la wanawake wawili katika katuni ya *Lightyear*, nayo ikazuiwa katika nchi zaidi ya kumi. Hasara ya namna hiyo ni ya kweli, usimdharau mtayarishaji anapoiogopa. Lakini kujificha nako hakukingi. Desemba 2019 idhaa ya televisheni ya Hallmark, ya Marekani, iliondoa tangazo la mabibi harusi wawili baada ya kikundi cha kidini kulalamika, ikashambuliwa kutoka upande wa pili, na ndani ya siku chache ikaomba radhi na kusema italirudisha. Iliwaudhi wote.

Pendekezo langu kwake ni hili. Wachunguzi wa filamu hukata mwili: busu, kitanda, mavazi. Ukaribu wa mazoea ni mgumu kuukata. Mpenzi amfunge mchungaji kifungo cha mkono wa shati kabla ya ibada. Ajue dawa yake ya shinikizo la damu inakaa droo gani. Wale sahani moja huku wakibishana kuhusu bei ya rangi ya ukuta. Kisha funga ndani ya maonyesho hayo taarifa ambayo filamu haiwezi kwenda bila yake: kwa mfano, mpenzi ndiye anayekagua hesabu za kanisa, na ndiye wa kwanza kuliona pengo la mhazini. Hapo hakatiki, na hakuna busu la kubishania. Mkubaliane mapema, kwa maandishi, kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha: nani ana neno la mwisho kwenye uhariri, na masoko gani mko tayari kuyakosa. Makubaliano yakisubiri chumba cha uhariri, utakuta tundu la dakika nne katikati ya filamu na hakuna fedha za kupiga picha upya.

Mwalimu wa kwaya, ambaye ndiye moyo wa filamu, katika muhtasari wako hana anachotaka isipokuwa kutofukuzwa. Mpe jambo lake: wimbo anaoutunga kwa ajili ya Pasaka na hauishi, sauti ya tatu isiyokaa sawa, mwanafunzi mmoja mwenye kipaji ambaye ataachwa bila mwalimu. Aonekane kabla ya ukurasa wa 10, akifanya kazi yake vizuri, kabla hatujajua lolote kuhusu mapenzi yake. Tukimjua kwanza kama tatizo la kanisa, tutamwona hivyo hadi mwisho.

Wala usimwue. Machi 2016 mfululizo wa Marekani *The 100* ulimwua Lexa, kiongozi aliyependa wanawake, kwa risasi iliyomlenga mwingine, dakika chache tu baada ya kupata raha na mpenzi wake. Mashabiki walighadhibika, wakachanga zaidi ya dola 100,000 kwa shirika linalozuia vijana wa jamii hiyo wasijiue. Ghadhabu ilikuwa kubwa kwa sababu walikuwa wameliona jambo hilo mara nyingi mno: furaha, kisha jeneza. Kama lazima mtu afe, afe anayeweza kufa kwa sababu nyingine yoyote. Hilo linamhusu na mpenzi wa mchungaji, ambaye nahisi umeshampangia ajali ya gari.

Mambo mawili madogo. Mahubiri kwenye skrini yasizidi dakika moja; maneno 80 hadi 100 yanatosha, na yawe mazuri kweli, yenye mvuto, kwa sababu mhubiri mbovu hamtishi mtu. Na chunga neno "shoga". Kwa wanawake wengi wa pwani ni rafiki wa karibu, kwa mwingine ni utambulisho, kwa mwingine ni tusi. Amua kila mhusika analitumia kwa maana gani, na kwenye maelezo yako ya skripti andika tu jina la mtu.

Mwisho, kurasa zako kumi za mwisho sasa ziko wazi. Mchungaji amefichuka au amejifichua, ameondoka. Barua ya kumfukuza mwalimu bado ina saini sita, tano zikiwa za watu wasio na siri yoyote, na hakuna anayeomba ifutwe. Andika kikao kinachofuata. Ajenda ya kwanza ni kumtafuta mchungaji mpya. Ya pili ni kumtafuta mwalimu mpya wa kwaya, maana Pasaka imekaribia.